Mtafiti wa Ubongo Barazani: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Mazungumzo ya Wananchi na Wanasayansi nchini Uganda

Mikutano mingi ya afya niliyohudhuria, kuanzia Busia hadi Arua, ilifuata mpango mmoja: mtaalamu huzungumza saa nzima, mwenyekiti hutazama saa yake, kisha wananchi huambiwa kwamba muda uliobaki unatosha maswali matatu tu. Baada ya hapo soda hugawiwa, watu hutawanyika, na maswali yenye uzito huulizwa njiani wakati mtaalamu amekwisha kupanda gari. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuyarudisha maswali hayo barazani, awe mwalimu, mhudumu wa afya, imamu, mchungaji, mwanafunzi wa chuo au mtafiti mwenyewe. Nimewafikiria hasa wanaoendesha mazungumzo kwa Kiswahili katika miji ya mipakani kama Busia na Malaba, katika jamii za Wanubi wa Bombo na Arua, na katika makazi ya wakimbizi kutoka Kongo kama Nakivale na Kyaka II.

Neno mazungumzo nalitumia kwa maana finyu. Pande zote mbili ziondoke na kitu ambacho hazikuja nacho. Mtafiti akiondoka na daftari tupu, ule ulikuwa mhadhara, hata kama watu walipiga makofi. Waganda hawahitaji kufundishwa kuhoji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu walikusanyika Club Obbligato mjini Kampala kwa ajili ya ekimeeza, mjadala wa wazi uliorushwa moja kwa moja na Radio One, na redio nyingine zikaiga hadi serikali ilipoipiga marufuku mijadala hiyo mwaka 2009. Tatizo ninaloliona katika sayansi ya ubongo ni kwamba watafiti wengi hawajazoea kuhojiwa na mtu asiye na shahada, na hatua nyingi zilizo hapa chini zimekusudiwa kuwazoesha.

Hatua ya kwanza: anza na swali la mahali

Mtafiti akikuletea mada, ipokee kwa heshima, uiweke kando. Tumia wiki mbili kusikiliza. Nenda kliniki ya watoto, kituo cha boda boda, shule ya msingi, na kwa wahudumu wa afya wa kijiji, wale wa VHT, ambao hujua kila nyumba yenye mtoto anayeanguka. Nenda pia kwa waganga wa jadi, kwa sababu wagonjwa wengi hupita kwao kabla ya kufika zahanati. Andika maswali kwa maneno yaleyale yaliyotumika, bila kuyasafisha. "Mbona mwanangu tangu ile malaria hashiki masomo?" ni swali bora kuliko "athari za malaria katika ukuaji wa akili", kwa kuwa la kwanza lina mwenyewe.

Mambo manne yatajitokeza karibu kila mahali: kifafa, mtoto aliyepona malaria lakini amebadilika, mtoto mchanga ambaye kichwa kinazidi kukua, na kijana aliyeumia kichwa katika ajali ya boda boda akarudi nyumbani na hasira asizokuwa nazo. Yote manne ni sayansi ya ubongo, na baadhi yake yamechunguzwa hapahapa Uganda kwa kina kuliko watu wanavyodhani. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya Mulago mjini Kampala na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba takriban robo ya watoto waliopona malaria ya ubongo walikuwa na upungufu wa kiakili miaka miwili baada ya kuugua, kwa hiyo mama aliyeuliza swali la hapo juu hakuwa akibahatisha. Katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, daktari Benjamin Warf na wenzake walibuni njia ya kutibu maji kujaa kichwani kwa kuunganisha mbinu mbili za upasuaji wa kamera, ili watoto wengi wasilazimike kuishi na mrija wa kuyatoa maji hayo, unaoweza kuziba wakiwa mbali na hospitali. Walionyesha pia kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliowapokea walipata tatizo hilo kutokana na maambukizi, tofauti na dhana kwamba wote huzaliwa nalo.

Mfano unaonishawishi kuliko yote kwamba kusikiliza ni sehemu ya sayansi yenyewe ni ule wa ugonjwa wa kutikisa kichwa, ambao Waacholi wa kaskazini mwa Uganda huuita luc luc, uliowakumba watoto wa Kitgum, Pader na wilaya jirani. Wazazi ndio waliosema kwamba mtoto huanza kuangusha kichwa mara anapowekewa chakula, au baridi inapoingia. Kwa mgeni maneno hayo yangeweza kuonekana kama hadithi, lakini yaliingia katika maelezo ya kitabibu ya ugonjwa huo, na vipimo vya umeme wa ubongo vikathibitisha kwamba kule kuangusha kichwa ni aina ya kifafa. Baadaye watafiti walikuta ugonjwa huu ukiambatana na minyoo inayosambazwa na usubi, wadudu wadogo wa kandokando ya mito inayokwenda kasi. Jinsi mnyoo huyo anavyohusiana na kuumia kwa ubongo bado inabishaniwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mtafiti aliyetoka Kampala hajakilalia kile cha Kitgum.

Hatua ya pili: mtafute mtafiti awezaye kusema "hatujui"

Milango ya kubisha ni mingi: chuo cha sayansi za afya cha Makerere kilichopo Mulago, hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika, Chuo Kikuu cha Mbarara, Chuo Kikuu cha Gulu, na tawi la Ishaka la Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, ambako wanasayansi wamefundishwa kuchunguza mfumo wa neva kwa kutumia nzi wa matunda. Usimng'ang'anie profesa. Mara nyingi mwanafunzi wa shahada ya uzamili, au ofisa tabibu wa magonjwa ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa, huzungumza vizuri zaidi kwa sababu hukutana na wagonjwa kila siku.

Neno moja kuhusu Butabika. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1955, na jina lake limegeuka tusi mitaani, hata ukimtambulisha mgeni kuwa ametoka huko, mtu atacheka. Usilifiche jina. Mwachie mgeni aanze kwa kueleza kazi anayoifanya huko asubuhi hadi jioni, na kicheko kitaisha chenyewe.

Kutana na mtafiti angalau mara mbili kabla ya siku ya baraza. Mara ya kwanza mpe orodha ya maswali uliyokusanya na umwombe ayagawe: anayoweza kuyajibu, yanayomhusu mtaalamu mwingine, na yale ambayo bado hakuna mtu aliyeyapatia jibu. Mtafiti asiyeweka swali hata moja katika fungu la mwisho ni wa kuogopwa. Mara ya pili mwombe azungumze mbele yako kwa dakika nane bila picha za kompyuta, na umkatize kila anapotumia neno ambalo shangazi yako asingelielewa. Watakaoudhika na zoezi hili ni afadhali waudhike ofisini kuliko barazani.

Hatua ya tatu: tengeneza lugha kabla ya kutengeneza ratiba

Hapa ndipo mabaraza mengi huharibika. Neno ubongo halina shida, hata msemaji wa Kiluganda asiyejua Kiswahili atalitambua kupitia obwongo. Shida huanza na mishipa. Katika Kiswahili mshipa ni wa damu, ni wa neva, ni kano, na kwa wazee wengi ni ugonjwa wa kinena ambao wanaume hawautaji mbele ya wakwe. Nimewahi kumwona mtafiti akisifu "mishipa" ya kichwani huku safu ya nyuma ikijizuia kucheka, naye asijue kwa nini. Sema mishipa ya fahamu, au neva, na ueleze mara moja kwamba hupeleka habari, wala haipeleki damu.

Degedege linahitaji uangalifu wa aina nyingine. Ndani ya neno hilo yumo dege, na kwa watu wengi jina hilo hubeba imani ya mdudu au ndege wa usiku anayempitia mtoto. Mtafiti akilitumia kana kwamba ni tafsiri tu ya mtukutiko wa homa, wasikilizaji wataendelea kuona kitu kingine. Ni bora aulize kwanza, "Hapa mkisema degedege mnamaanisha nini?" kisha ajenge juu ya jibu. Vivyo hivyo kifafa, ambacho kwa Kiluganda huitwa ensimbu: lizoeshe baraza kusema "mtu mwenye kifafa", kwa sababu mtu huyo pengine amekaa palepale.

Kipimo cha umeme wa ubongo ndicho kinachotisha zaidi. Mtu akisikia umeme na kichwa katika sentensi moja hudhani atapigwa shoti. Eleza kwamba seli za ubongo zenyewe hutoa umeme mdogo sana, na kwamba vile vifungo vinavyobandikwa kichwani husikiliza tu, kama redio inavyopokea sauti bila kumtumia mtangazaji chochote. Ukiweza kuazima kofia yenye vifungo hivyo, iache ipite mikononi mwa watu.

Baada ya kutunga maelezo, yajaribu kwa watu wanne wa mahali hapo. Usiwaulize kama wameelewa, kwa kuwa adabu itawafanya wakubali. Waombe wakusimulie tena kwa maneno yao. Kiswahili cha mkimbizi kutoka Kivu si kile cha askari mstaafu wa Bombo, na zoezi hili ndilo litakalokuonyesha wapi wanapishana.

Hatua ya nne: ruhusa, mahali na wakati

Mwarifu mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kwanza, kisha ofisi ya afya ya wilaya, ofisi ya RDC, yaani mwakilishi wa serikali kuu wilayani, na polisi, kwa maandishi, ukibaki na nakala zilizogongwa mhuri. Katika makazi ya wakimbizi utahitaji pia idhini ya ofisi ya Waziri Mkuu. Ikiwa unakusudia kukusanya majibu ya watu ili uyachapishe kama utafiti, hilo si baraza tena: utahitaji kibali cha kamati ya maadili ya utafiti na usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Usijaribu kuyachanganya hayo mawili kimyakimya, maana ukigundulika utawafungia mlango watakaokuja baada yako.

Epuka siku ya soko, Ijumaa mchana, na wiki za kupanda baada ya mvua za Machi kuanza. Hilo la Machi lina utata, kwa kuwa Wiki ya Uelewa wa Ubongo, iliyoanza mwaka 1996 na sasa huadhimishwa katika nchi nyingi, huangukia mwezi huohuo. Mimi huchagua mahindi. Anayetaka siku ya kimataifa anaweza kutumia siku ya kifafa, Jumatatu ya pili ya Februari.

Suala la nauli litazusha maneno kuliko suala lolote la sayansi. Watu wamezoea kurudishiwa nauli mkutanoni, na si haki kumwita mama atoke kilomita sita kwa gharama zake. Amua kiasi kimoja kwa wote, kitangaze mapema, kilipe mwishoni mbele ya watu, na wala usimlipe diwani zaidi ya mama. Bahasha nono huleta watu wanaokubali kila kitu, na hao hawana faida kwako.

Hatua ya tano: siku yenyewe

Watu sitini wanatosha. Panga viti kwa duara chini ya mwembe au ndani ya ukumbi wa shule, bila meza kuu, na mtafiti akae kwenye benchi sawa na wengine. Mwongozaji asiwe mtafiti wala mwanasiasa; mwalimu wa kike anayeheshimika mara nyingi ndiye chaguo bora.

Mtafiti aseme dakika zake nane. Kisha wagawe watu katika vikundi vya wanane kwa muda wa nusu saa, wanawake na wanaume mbali, vijana peke yao. Mama wa mtoto mwenye kifafa hatafungua mdomo mbele ya mashemeji zake, na aliyevunjika fuvu akiendesha boda boda hatakiri mbele ya wazee kwamba hulia usiku. Kila kikundi kiwe na karani anayeandika maswali bila majina, na mtafiti azunguke akisikiliza huku amekatazwa kujibu. Katazo hili huwaumiza wataalamu, lakini ndilo linalofanya baraza zima kuwa na thamani, kwa sababu mtu akijibiwa swali la kwanza haraka huona aibu kuuliza la pili, ambalo ndilo alilolijia. Saa inayobaki yote iwe ya maswali na majibu mbele ya wote.

Ukitaka kitu cha kushika, nunua ubongo wa mbuzi. Mwagize mchinjaji siku moja kabla na umweleze kwamba unautaka mzima, la sivyo atapasua fuvu kwa shoka kama kawaida yake na utapokea rojo. Uweke kwenye barafu, vaa glavu, onyesha mikunjo na jinsi uti wa mgongo unavyoungana nao. Usilete wa nguruwe. Kwa ukubwa wa ubongo wa binadamu, pima maharagwe kilo moja na gramu 400 dukani na uyapitishe mikononi. Uzito huo ni karibu asilimia 2 tu ya mwili wa mtu mzima, lakini hula takriban asilimia 20 ya nguvu yake, na ndani yake mna nyuroni, yaani seli za neva, zipatazo bilioni 86. Hapo ndipo atakapojitokeza mtu wa kuuliza kama ni kweli tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo. Si kweli, na jibu hilo lisizidi dakika moja.

Hatua ya sita: kuyakabili maswali mazito

"Povu la mwenye kifafa linaambukiza?" Haliambukizi, ni mate yaliyochanganyika na hewa kwa kuwa mtu hawezi kumeza. Jibu hili litolewe bila kupindapinda, kwa sababu kuna watu wanaoachwa waungue motoni au wazame majini huku majirani wakiogopa kuwagusa. Mtafiti aonyeshe palepale, kwa kumlaza mtu aliyejitolea, namna ya kuondoa vitu vigumu karibu naye, kumlaza ubavu, kutomtia kijiko mdomoni, na kumkimbiza hospitali mtukutiko ukizidi dakika tano.

Hata hivyo, baadhi ya visababishi vya kifafa huenea. Tegu wa nguruwe ndiye anayeleta mabishano makali palipo na Waislamu na Wakristo pamoja. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva hupata mnyoo wa tumboni. Vijivimbe vya ubongoni, vinavyoweza kuleta kifafa, hutokana na kumeza mayai ya mnyoo huyo kutoka kinyesi cha mtu aliyeambukizwa, kupitia mikono, maji au mboga. Kwa hiyo hata asiyegusa nyama hiyo maishani mwake yumo hatarini ikiwa jirani hana choo. Nimeona baraza lililokuwa likielekea kwenye ugomvi wa dini likihamia kwenye suala la vyoo ndani ya dakika kumi.

"Ni majini." Mtafiti asicheke, na asijifanye anakubali. Aseme kwamba kipimo chake hakiwezi kuona majini, kinaona umeme wa ubongo. Na kwamba kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa zinazofaa. Kisha awaombe waganga waliopo wakubaliane naye jambo moja: mgonjwa anayekwenda kwao asiambiwe aache ghafla fenobabitoni, dawa yake ya kifafa, kwa kuwa kuikatisha kunaweza kuleta mtukutiko usiokoma, nao huua. Makubaliano haya madogo yana faida kubwa kuliko ushindi katika ubishi kuhusu majini.

"Damu yetu mnaipeleka wapi?" Hili likiulizwa, furahi, maana watu wameanza kukuamini. Mtafiti aeleze ni nani aliyeidhinisha utafiti wake, sampuli zinahifadhiwa wapi, na kwamba kuzisafirisha nje ya nchi kunahitaji mkataba ulioidhinishwa na UNCST. Aeleze pia kwamba fomu ya ridhaa hubeba namba ya simu ya kamati ya maadili, na kwamba mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu. Ikiwa jamii hiyo iliwahi kushiriki utafiti na matokeo hayakurudishwa, mtafiti aombe radhi, hata kama utafiti ule haukuwa wake.

Entebbe na vitongoji vyake huwa na swali lao: kwa nini msitu wa Zika umelipa jina ugonjwa unaodumaza vichwa vya watoto? Virusi hivyo vilitambuliwa mwaka 1947 kwa kima aliyewekwa msituni humo, na uhusiano wake na vichwa vidogo vya watoto wachanga ulijulikana baada ya mlipuko wa Brazili mwaka 2015. Yote mawili yasemwe.

Hatua ya saba: redio

Siku chache baada ya baraza, peleka mtafiti pamoja na mwananchi mmoja aliyeuliza swali gumu kwenye redio ya mahali hapo, wakati wa jioni watu wanapokuwa wamerudi kutoka shambani. Wakae wawili, si mtafiti peke yake. Jina la mwananchi lisitajwe bila ruhusa yake, na la mtoto lisitajwe kabisa.

Hatua ya nane: kurudi

Kabla ya kuondoka, wape wahudumu wa VHT siku na saa za kliniki ya magonjwa ya akili na kifafa iliyo karibu, na uhakikishe kwa simu kwamba dawa zipo. Kuwahimiza watu thelathini waende mahali ambapo rafu ni tupu ni kuwadhulumu mara mbili.

Ndani ya wiki sita mtafiti arudi, kwa muda mfupi tu na bila soda. Asome kila swali lililoandikwa, hata lile la kipuuzi, na aseme liko fungu gani sasa. Yale yaliyokuwa ya mtaalamu mwingine yawe yamepata majibu yake. Yale ambayo hayana jibu popote ayaeleze hivyo, na ataje lipi kati yake ameliingiza katika mpango wake wa utafiti. Kama hakuna hata moja, aseme kwa nini. Kupima mafanikio kwa idadi ya waliohudhuria ni kujidanganya. Mimi huhesabu maswali yaliyombadilisha mtafiti na wagonjwa waliofika kliniki kwa mara ya kwanza, ambao karani wa kliniki anaweza kukutajia idadi yao bila kutaja majina.

Daftari lenyewe libaki kwa mwenyekiti wa LC1, likiwa na tarehe ya baraza linalofuata kwenye ukurasa wa kwanza na kalamu iliyofungwa kwa uzi.